Nani Atamwajiri Binti Anayekimbia?

Oktoba 12, 2025, Mtanzania Magdalena Shauri alimaliza Marathoni ya Chicago akiwa wa tatu kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 3. Ukigawa muda huo, ni kilomita moja kwa dakika 3 na sekunde 16 hivi, mara 42. Mbele yake walikuwa Waethiopia wawili, Hawi Feysa na Megertu Alemu. Nyuma yake walibaki wanawake kutoka nchi zenye makambi, madaktari na wadhamini wa kudumu. Wiki nne kabla, Mtanzania mwenzake Alphonce Simbu alikuwa ametwaa dhahabu ya dunia ya marathoni mjini Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakipewa muda uleule wa saa 2:09:48 na mshindi kuamuliwa kwa picha. Nchi ilikuwa bado inamshangilia Simbu, na alistahili. Ndiyo maana habari ya Chicago ilipita haraka, kwenye daladala za Kinyerezi ninakoishi na hata kwenye kurasa za michezo.

Mimi nimebaki nayo. Shauri si mgeni wa jukwaa hilo. Septemba 24, 2023, huko Berlin, alikuwa wa tatu pia, kwa 2:18:41, siku ambayo Tigst Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia kwa 2:11:53. Ili msomaji apate uzito wa muda ule wa Berlin: mwaka 2001 Mkenya Catherine Ndereba aliweka rekodi ya dunia kwa 2:18:47. Yaani binti wa Kitanzania amekimbia kwa kasi ambayo miaka 22 nyuma ingemfanya kuwa mwanamke mwenye kasi kuliko wote duniani katika marathoni.

Sasa swali. Nchi yenye nyanda za Mbulu, Hanang, Karatu na Singida, ambako watoto hukimbilia shule kwa miguu kwenye hewa nyepesi, kwa nini imetoa wanawake wachache hivi wa kiwango hicho? Na kwa nini kila mmoja ametokea peke yake, kisha ikapita miaka mingi kabla ya mwingine? Jibu ninalolisikia mara nyingi ni kwamba wasichana wetu hawajitumi. Silikubali hata kidogo. Ukifuata njia waliyopita hawa wachache, unaona kwamba kilichowakosesha wenzao ni mwajiri. Mbio ndefu ni kazi ya miaka kumi na zaidi, na kazi ya miaka kumi haifanywi na mtu ambaye hajui mwezi ujao atakula nini.

Tuanze na historia, kwa sababu sehemu ya kuchelewa kwetu haikuwa kosa letu. Baada ya wanawake kukimbia mita 800 kwenye Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, wakubwa wa michezo waliziondoa mbio hizo kwa madai kwamba mwili wa mwanamke hauziwezi. Zilirudi Roma mwaka 1960. Hata Moscow mwaka 1980, mbio ndefu kuliko zote kwa wanawake ilikuwa mita 1500. Marathoni yao iliingia Los Angeles mwaka 1984, mita 10,000 Seoul mwaka 1988, mita 5000 Atlanta mwaka 1996, na mita 3000 kuruka viunzi na maji zikasubiri hadi Beijing mwaka 2008.

Weka tarehe hizo kando ya zama zetu za dhahabu. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch mwaka 1974. Yeye na Suleiman Nyambui walileta fedha mbili kutoka Moscow, ambazo hadi leo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizonazo. Juma Ikangaa alitamba kwenye marathoni miaka ya 1980. Wakati Bayi na Nyambui wanang'ara Moscow, mwanamke wa Kitanzania mwenye mapafu ya marathoni hakuwa na mbio ya kukimbia huko. Theresia Dismas, aliyetuletea medali ya fedha kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, alikuwa mrusha mkuki. Nzaeli Kyomo alikuwa wa mbio fupi. Mwinga Mwanjala alikwenda Moscow kukimbia mita 800 na 1500, na zaidi ya hapo mlango ulikuwa umefungwa. Milango ilipofunguka mmoja baada ya mwingine, kati ya 1984 na 1996, uchumi wetu ulikuwa umeyumba, mashirika ya umma yaliyokuwa na timu za michezo yalikuwa yakifa au kuuzwa, na riadha kwa ujumla ilikuwa inashuka. Wanawake waliitwa mezani chakula kikiwa kimekwisha.

Hata hivyo walikuja. Singida ilimtoa Restituta Joseph, aliyekimbia Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Novemba 2002 Banuelia Mrashani alishinda Marathoni ya Wanawake ya Tokyo kwa 2:24:59, mashindano ambayo wakati huo yalikuwa miongoni mwa makubwa kabisa kwa wanawake duniani. Wangapi kati yetu tunalijua jina lake? Muda wake ulikaa juu ya orodha ya taifa kwa takribani miaka 20. Kati ya muda huo na ule wa Shauri wa Berlin kuna dakika 6 na sekunde 18, na ndani ya dakika hizo kuna kizazi kizima cha mabinti ambao hawakufika.

Kisha akaja Zakia Mrisho, naye wa Singida. Nataka kukaa kidogo kwenye mbio yake ya Helsinki, fainali ya mita 5000 ya ubingwa wa dunia, Agosti 2005, kwa sababu inasema mengi. Nafasi nne za kwanza zilichukuliwa na Waethiopia: Tirunesh Dibaba, Meseret Defar, Ejegayehu Dibaba na Meselech Melkamu. Wa tano alikuwa Xing Huina wa China, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000. Wa sita Zakia, dakika 14, sekunde 43.87. Kutoka kwa Dibaba hadi kwake kulikuwa na sekunde 5 na kidogo, na kutoka kwa bingwa wa Olimpiki hadi kwake hata robo ya sekunde haikutimia. Alikuwa na umri wa miaka 21. Wale wanne walikuwa wanafanya mazoezi pamoja, wanaongozana, wanabadilishana kazi ya kukata upepo. Zakia alikuwa peke yake kwenye jezi ya Tanzania. Alikwenda Beijing 2008, akaenda London 2012 ambako ndiye aliyebeba bendera yetu siku ya ufunguzi, lakini hakurudi tena karibu hivyo na medali.

Kwenye michezo ileile ya Helsinki, Mganda Docus Inzikuru alitwaa dhahabu ya kwanza ya dunia ya wanawake katika kuruka viunzi na maji. Mwaka uliofuata akashinda pia Michezo ya Jumuiya ya Madola, kisha uzazi na maradhi vikamweka nje kwa muda mrefu na hakurejea kileleni. Mabinti wawili wa Afrika Mashariki, mwaka mmoja, uwanja mmoja, na kwa wote wawili kilele kilikuja mapema kuliko kilivyopaswa. Nikilitazama hilo naona tatizo la mfumo kabla ya tatizo la mtu.

Baada ya hapo tulipita kipindi kigumu. Rio 2016 mwanamke pekee wa riadha kwenye msafara wetu alikuwa Sara Ramadhani. Olimpiki ya Tokyo tulipeleka wanariadha watatu, wote wa marathoni, na mwanamke alikuwa mmoja, Failuna Abdi Matanga, aliyemaliza wa 24. Paris 2024 wakawa wawili, Shauri na Jackline Sakilu.

Sasa tujiulize mabinti wanapotelea wapi. Mahali pa kwanza ni shuleni. Wengi wa wakimbiaji wetu wameonekana kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, au ya sekondari, UMISSETA, wakikimbia pekupeku kwenye uwanja wa vumbi uliochorwa kwa chokaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hiyo ilisimamishwa kwa muda, na mtoto aliyekuwa na miaka 13 wakati huo hakurudishiwa miaka yake ilipoanzishwa tena. Lakini hata michezo ikiwapo, kinachofuata baada ya medali ya mkoa ni nini? Mvulana anaweza kuondoka nyumbani akaenda kuishi Arusha kwa rafiki, akalala wanne chumba kimoja, akakimbia na kundi huku akitafuta kibarua. Mzazi yupi atamruhusu binti wa miaka 16 afanye hivyo? Na akimkatalia, namwelewa.

Kuna pia ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 zilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Kwa muda mrefu pia msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule bila kurudi, hadi serikali ilipobadili msimamo Novemba 2021. Mambo haya hayaandikwi kwenye kurasa za michezo, ila ndiyo yanayoamua nani atafika kwenye mstari wa kuanzia. Mkimbiaji wa mbio ndefu hukomaa akiwa na miaka 25 hadi 35. Kati ya miaka 15 na 22 anahitaji mtu wa kumshika, na hicho ndicho kipindi ambacho nyumba, shule na jamii vinamvuta kila upande.

Mahali pa pili ni kwenye saa zenyewe za siku. Mkimbiaji wa marathoni wa kiwango cha juu hukimbia kilomita 160 hadi 200 kwa wiki, ambayo ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kila wiki ya Mungu. Anatoka alfajiri, anakula, analala mchana, anatoka tena jioni. Kulala mchana ni sehemu ya mazoezi kama kukimbia kwenyewe, kwa sababu misuli hujengeka wakati wa kupumzika. Mwanamume akioa, mara nyingi mke ndiye anayepika, anafua jezi, anachota maji, na yeye analala. Mwanamke akiolewa, usingizi wake wa mchana ndio unaokuwa wa kwanza kuondoka. Anarudi kutoka kilomita 30 anakuta ndoo tupu na mtoto analia. Kocha akimwambia hapumziki vya kutosha, amesema kweli, lakini hajasema nani afanye kazi zile.

Kwa hiyo narudi kwenye mshahara. Watu wengi wanadhani mkimbiaji anaishi kwa zawadi. Marathoni haikimbiwi kwa nguvu zote zaidi ya mara mbili, au tatu, kwa mwaka. Ukiumia goti mwezi mmoja kabla ya mbio, kipato cha nusu mwaka kimeondoka. Ukifika na ukashinda, meneja anachukua sehemu yake, kwa kawaida asilimia 15, na kodi ya nchi ya ugenini inakatwa hukohuko. Hapo ndipo sare ya kazi inapokuwa na maana kubwa. Shauri ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kama alivyo Simbu, kama walivyokuwa Bayi na Ikangaa kabla yao. Jeshi limekuwa ngazi imara kuliko zote katika riadha yetu, na naliheshimu kwa hilo. Shida ni kwamba ngazi moja haitoshi nchi nzima, na nafasi za wasichana juu yake ni chache.

Kenya walilielewa hili kabla yetu, ingawa nao hawakufika mapema kama tunavyodhani. Naftali Temu alileta dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya mwaka 1968. Mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata medali yoyote ya Olimpiki alikuwa Pauline Konga, mwaka 1996, na dhahabu ya kwanza ya mwanamke ilisubiri hadi Pamela Jelimo mwaka 2008. Miaka 40 kati ya mwanamume na mwanamke. Kilichojaza pengo hilo ni pamoja na ajira. Ndereba aliajiriwa na Idara ya Magereza akiwa bado hajulikani. Alipojifungua mwaka 1997 alikuwa na kazi ya kurudia, na kuanzia mwaka 2000 alishinda Boston mara nne, akatwaa ubingwa wa dunia mara mbili na fedha mbili za Olimpiki. Uganda nako, Peruth Chemutai, bingwa wa Olimpiki wa kuruka viunzi na maji huko Tokyo, ni mwajiriwa wa Mamlaka ya Wanyamapori.

Hilo la Uganda linanikera kwa namna nzuri. Angalia ramani yetu. Mbulu, Karatu, Babati na Hanang, chimbuko la wakimbiaji wetu, zimezungukwa na hifadhi: Manyara, Tarangire, Ngorongoro, Serengeti. TANAPA na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro zina askari, zina sare, zina mishahara, na zina kila sababu ya kutangaza jina lao duniani. Kila moja ingeajiri wasichana kumi wa mbio ndefu kwa mkataba wa miaka minne, tungekuwa na mabinti 20 wanaolala mchana bila wasiwasi. Polisi, Magereza, Uhamiaji na Jeshi la Kujenga Taifa wangeongeza wao. Sioni mpango mwingine wa riadha ya wanawake ambao ungezaa zaidi kwa gharama ndogo hivyo.

Ajira inajibu pia suala la uzazi, ambalo wanariadha wa kike hulizungumza kwa sauti ya chini kwa hofu ya kuachwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo. Mkimbiaji aliyeajiriwa anazipata. Mwenzake anayeishi kwa zawadi hapati hata moja, na kampuni ya viatu inaweza kumsahau. Mwaka 2019 Wamarekani Alysia Montaño, Kara Goucher na Allyson Felix walieleza hadharani yaliyowapata kwenye mikataba yao na Nike walipotaka kuzaa, na kampuni hiyo ikatangaza ulinzi wa malipo kwa miezi 18. Kama wao, wenye mawakili na magazeti nyuma yao, walilazimika kupigana, binti wa Singida asaini peke yake mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza? Na dai kwamba uzazi humaliza mkimbiaji, Mkenya Faith Kipyegon amekwisha kulijibu. Alijifungua mwaka 2018, akashinda dhahabu za Olimpiki za mita 1500 huko Tokyo na Paris, na Julai 2025 akaishusha rekodi ya dunia hadi 3:48.68.

Kuna jambo la kutisha ambalo uchambuzi wa haki hauwezi kuliruka. Oktoba 2021 Mkenya Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, wiki chache baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani kwa mbio za wanawake pekee. Septemba 2024 Mganda Rebecca Cheptegei alikufa kwa majeraha ya moto baada ya kuchomwa katika Kaunti ya Trans Nzoia, mwezi mmoja baada ya kukimbia marathoni ya Paris, na nyuma yake kulikuwa na mgogoro wa kiwanja alichojenga. Pesa ya mkimbiaji wa kike huja kwa mkupuo na huonekana na kila mtu. Mume, kocha, ndugu, rafiki wa meneja, wote wanaijua tarehe inapoingia. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, kwa hiyo silaha ya kwanza ni hati yenye jina lake, akaunti yenye jina lake, na mtu wa kuaminika wa kumsomea kila karatasi kabla hajatia sahihi. Chama cha riadha chochote kinachompeleka binti nje bila kumfundisha haya kimemtuma vitani mikono mitupu.

Sasa nije nyumbani, Kinyerezi, kitongoji ambacho Watanzania wengine wanakijua kwa mitambo ya umeme wa gesi. Ukiamka Jumamosi kabla jua halijatoka, ukasimama kwenye barabara inayoelekea Malambamawili, utawasikia kabla hujawaona. Filimbi, nyimbo, kishindo cha viatu. Ni klabu ya joging, watu arobaini au hamsini, fulana za rangi moja zenye jina la klabu mgongoni, bodaboda mbele akiwasha taa kuzuia magari. Wanapanda kile kilima wakiimba, na aliyechoka anasukumwa mgongoni na mwenzake. Tabata wapo, Temeke wapo kwa wingi zaidi, Kinondoni vilevile. Wanawake ni wengi mno, kina mama wa miaka 30 na 40 na kuendelea, wanaopambana na sukari, presha na uzito, na wanaofurahi kuwa pamoja. Nawapenda kwa dhati. Wamefanya kukimbia kwa mwanamke barabarani kuwe jambo la kawaida Dar es Salaam, na hilo ni badiliko kubwa kuliko tunavyolipa sifa.

Tazama vizuri lakini, nani hayupo. Msichana wa miaka 14 au 15 hayupo. Saa hiyo anafagia uwanja, anajaza mapipa ya maji, au anajiandaa kwenda tuisheni. Mama amekwenda joging, binti amebaki na nyumba. Simlaumu mama, kwa kuwa ameipata nafasi hiyo kwa tabu, pengine akiwa na miaka 38. Nasema tu kwamba mtoto wake angeipata mapema zaidi.

Najua hoja ya joto. Dar iko usawa wa bahari, hewa nzito, jasho halikauki, na bingwa wa marathoni hawezi kulelewa hapa. Ni kweli kwa marathoni, na ni kweli kwamba mtu wa mbio ndefu mwishowe atapanda Arusha au Mbulu. Hilo halituzuii kumwona na kumwanzishia hapa. Mita 800 na 1500 za msichana wa miaka 15 hazihitaji mlima, zinahitaji uwanja, saa na mtu anayejua. Na pesa na ofisi za michezo zimejaa hapahapa. Uwanja wa Benjamin Mkapa uliopo Temeke, uliofunguliwa mwaka 2007, una njia ya kukimbilia inayouzunguka, ila wengi wetu tumeizoea kama sehemu wanaposimama wapiga picha siku ya Simba na Yanga. Novemba 2017, Baraza la Michezo la Taifa pamoja na shirika la Japani la JICA, Ikangaa akiwa balozi wao, walianzisha Temeke mashindano ya wanawake peke yao yaliyoitwa Ladies First, yakaleta wasichana kutoka mikoa mbalimbali. Wazo lile lilikuwa sahihi. Kwamba Japani ndiyo iliyolisukuma, nchi ambako Banuelia alishinda mwaka 2002, ni jambo linalopaswa kutuwasha.

Kisha kuna marathoni zetu za wikiendi. Kilimanjaro Marathoni iliyoanza mwaka 2003 imezaa wenzake kila mkoa. Benki zina za kwao: ya CRDB imechangia matibabu ya moyo ya watoto, ya NBC kule Dodoma imechangia vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Ni kazi njema na iendelee. Lakini mashindano yenye neno marathoni kwenye bango, yanayochukua ada ya maelfu ya watu, yanaweza pia kumkumbuka mtu anayeifanya marathoni kuwa kazi. Mpira wa miguu umepata zawadi ya Rais ya Goli la Mama, ukapata wadhamini wa ligi ya wanawake, na timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, imefaidika kwa haki. Riadha ya wanawake haina hata kalenda ya kueleweka ya mbio za uwanjani kwa mwaka mzima, na bila mbio za uwanjani hupati kasi ya Zakia, na bila kasi ya Zakia hupati kilomita ya dakika 3 na sekunde 16.

Kwa viongozi wa klabu za joging za Kinyerezi, Segerea, Tabata, Temeke na Kinondoni, nina ombi lisilohitaji kibali cha wizara. Kila klabu ichukue wasichana wawili wa shule ya kata iliyo jirani, iwanunulie viatu, iwape mtu mzima wa kike wa kuwasindikiza, na mara moja kila mwezi iwapeleke wapimwe muda mahali penye uwanja unaopimika. Atakayeonyesha uwezo apelekwe juu, na klabu imtetee kwa barua mpaka apate ajira. Binti atakayekuwa na umri wa kukimbia mita 5000 kwenye Olimpiki ya Brisbane mwaka 2032 leo yuko sekondari, kidato cha kwanza au cha pili, na Jumamosi hii yuko nyumbani.